Nchi Yenye Bibi Mmoja

Haya ninayoyasimulia hayakutokea kwenu. Yalitokea Pendezeni, nchi ambayo ukiulizia njia ya kwendea, kila mtu atakwambia haijui huku akigeuka kutazama nani anasikiliza. Kwa hiyo ukikuta humu mtu anayefanana na kiongozi wako, mwache apite, ana shughuli zake.

Sisi Pendezeni ni watu wa sherehe. Tunaoza mabinti, tunapeleka posa, tunawatoa watoto nje siku ya arobaini, na hata wanaomaliza chekechea tunawavisha majoho. Na kila sherehe ina picha zake. Zamani mtu alipiga picha akakaa nazo mwenyewe, kwenye simu au kwenye albamu ya kurasa za nailoni chini ya kitanda. Serikali ikaona huo ni uchoyo. Ikaunda Wizara ya Sherehe na Picha, na Wizara ikaunda programu ya simu inayoitwa Tuonane.

Siku ya kuizindua tulipelekwa uwanjani tukahutubiwa saa tatu. Waziri wa Sherehe ni mtu mnene wa heshima, ana miwani ya kusomea na miwani nyingine ya kupigiwa picha. Naibu Waziri ni mwembamba, ana kipara na kimasharubu, na kazi yake ni kumshikia Waziri ile miwani ambayo kwa wakati huo haitumiki.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "harusi isiyoonekana ni uvumi! Kuanzia leo, sherehe ambayo picha zake hazimo ndani ya Tuonane haikufanyika. Waliooana humo watakuwa hawajaoana. Waliokula pilau watakuwa hawajala!"

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawaka moto. Sikuwa najua kwamba hicho nilichokuwa nakishangilia kingekuja kukaa mahali pangu.

*

Mwezi huohuo mjukuu wangu Mwanaheri akachumbiwa.

Mwanaheri nimemlea mimi. Mama yake, binti yangu, alifariki mtoto ana miaka minne, na tangu siku hiyo tumelala kitanda kimoja, mpaka alipokua miguu ikaanza kunisukumia ukutani. Nimemsuka nywele, nimemuuguza tetekuwanga, nimeitwa shuleni kila alipopigana.

Lakini ana bibi mwingine, Bi Hadikwa, mama wa baba yake. Bi Hadikwa huja siku za Idi, na manukato yake hutangulia kufika. Ana jino la dhahabu. Ana namna ya kumkumbatia mtoto kama vile kuna mtu amemwambia abaki hivyohivyo asitikisike. Mimi sina wivu naye. Nasema tu kwamba anayeleta gauni moja kwa mwaka hawezi kujua kuwa mtoto huyo akila maharage usiku hapati usingizi.

Kwetu Pendezeni, bibi aliyemlea mwali ndiye anayemtoa ndani siku ya harusi. Humfunika kisutu, humshika mkono wa kulia, hutoka naye mbele za watu, na hapo hupigwa ile picha kubwa. Watoto wa mwali wakizaliwa huonyeshwa picha hiyo: mnamwona huyu, ndiye aliyemlea mama yenu. Nilichokitaka ni hicho tu. Sikutaka kiti cha mbele, sikutaka sinia la wakubwa. Nilitaka nikishalala udongoni, mtoto anyooshe kidole aseme, huyu Bi Nyamizi.

Mwanaheri akakaa na simu aiandikishe harusi, maana bila kuandikishwa hata turubai hufungi. Akajaza jina la bwana harusi, la baba, la marehemu mama yake. Kisha kidole kikasimama.

"Bibi," akaniita kwa sauti ndogo. "Kisanduku cha Bibi kimejaa."

"Kimejaa nini?"

"Kimejaa Bibi Hadikwa. Amejiandika mwenyewe kutoka kwake, dakika mbili zilizopita."

"Basi niandike kwenye kisanduku kinachofuata."

"Kinachofuata ni Wengineo."

Wengineo ilikuwa na alama ya sufuria. Humo tayari walikuwamo mwenye jenereta, mwenye viti, na ng'ombe wa pilau. Mwanaheri aliniandika chini ya ng'ombe huku anafuta machozi. Hata hajamaliza, simu yangu ikalia.

"Mzazi mwenzangu!" Sauti ya Bi Hadikwa, tamu mpaka unataka kunawa mikono. "Nimekuona Wengineo. Hongera, mpenzi. Hivi huyo ng'ombe mwenyewe ni mnono?"

"Mnono kiasi," nikamjibu. "Ila hana jino la dhahabu."

*

Kesho yake nilikwenda Wizarani. Waliniambia mambo ya visanduku yako Kurugenzi ya Uzoefu wa Mtumiaji, ghorofa ya tisa. Kwenye lifti kulikuwa na kitufe kimoja tu, cha kushukia. Nikapanda ngazi. Nilikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na sikunung'unika, mimi kusubiri nakuweza.

Aliyenipokea ni Mbunifu Mkuu wa Taifa, kijana anayeitwa Sefania, mwenye fulana nyeusi, anatembea peku juu ya zulia la serikali.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kwa habari ya kisanduku cha Bibi. Mmeweka kimoja."

"Ndiyo, Bibi. Tulifanya utafiti."

"Mlifanyia wapi?"

"Hapahapa ofisini. Tuliulizana. Mimi nina bibi mmoja, yule wa pili alifariki sijazaliwa. Mwenzangu pale naye ana mmoja. Tukaona kwa taifa inatosha."

"Lakini mwanangu, kila mtu anazaliwa na bibi wawili."

Alinitazama kwa huruma kubwa. "Hilo ni tatizo la watu, Bibi. Mfumo uko sawa kabisa."

Hata hivyo aliahidi kulifikisha juu, na kweli alilifikisha. Baada ya wiki moja ukatoka Waraka wa Wizara Namba Kumi na Nne, ukasomwa redioni mara tano. Waraka ulisema kumekuwa na tofauti kati ya mfumo na wananchi, na kwamba Serikali sikivu imeamua kuiondoa tofauti hiyo kwa upande wa wananchi. Kuanzia siku hiyo kila raia wa Pendezeni ana bibi mmoja. Bibi wote wa ziada wajipeleke Wengineo kwa hiari yao kabla ya Ijumaa. Rais mwenyewe alionyesha mfano kwa kumwachia bibi yake wa pili, ambaye alikuwa amekwishafariki miaka arobaini nyuma, na mtangazaji akasema uzalendo wa namna hiyo ni nadra.

Bi Hadikwa akanipigia. "Umesikia redio, mzazi mwenzangu?"

"Betri zimeisha," nikasema.

"Nitakuletea."

*

Ukilalamika Pendezeni hawakufungi. Wanakufanya mtumiaji wa mfano. Nikaitwa tena ghorofa ya tisa, nikakalishwa kwenye kiti kinachozunguka, na vijana wanne wakanizingira wakiwa na karatasi ndogondogo za rangi za kubandika ukutani.

"Bibi," akasema Sefania, "tutakuonyesha picha, na wewe utasema kila unachowaza. Usifiche. Sisi hatuhukumu, tunaandika tu."

Wakaniwekea picha ya siku ya posa ya Mwanaheri. Katikati yuko Bi Hadikwa, ameketi kama vile posa imeletwa kwake. Mimi nilikuwa pembeni, nimekatwa na fremu, nimebaki sikio na begi.

"Unawaza nini?"

"Nawaza jino."

Karatasi ya njano ikabandikwa ukutani: JINO.

"Unajisikiaje? Chagua uso mmoja."

Zilikuwa nyuso tano na zote zilikuwa zinacheka. Nikachagua ule unaocheka mpaka unalia, maana huo angalau ulikuwa na machozi.

"Sasa, Bibi, kama programu hii ingekuwa mtumwa wako, ungeiambia ikufanyie nini?"

Hapo ndipo nilipokosea, na nimekuwa na muda mrefu wa kulifikiria kosa hilo. Ningeweza kusema nataka niwe karibu na mjukuu wangu. Lakini jicho langu lilikuwa limeng'ang'ania kwenye lile jino.

"Ningetaka nikiitazama picha hii, yule mwanamke asiwemo."

Sefania akaweka kalamu chini.

"Rudia, Bibi."

"Asiwemo. Niguse hapa, atoke. Na hicho kitufe kiwe kikubwa, mimi macho yangu mabovu."

Wakakumbatiana. Msichana mmoja alitokwa na machozi, akasema tangu aanze kazi hajawahi kusikia hitaji la mtumiaji lililo safi namna ile. Wakaandika karatasi nyingi mpaka ukuta ukawa kama mbuzi wa madoa. Nikawakumbusha pia kwamba kisanduku cha Bibi kiongezwe kimoja. Hilo hawakuliandika. Karatasi zilikuwa zimekwisha.

*

Kitufe kikatoka kabla hata mahari haijapelekwa. Kiliitwa Mpunguze. Kilikuwa chekundu, kikubwa kama kifuniko cha chupa, na kilikaa palepale kidole gumba kinapopumzika. Ukimgusa mtu pichani kisha ukakigusa hicho, mtu anatoka kwa wote, kwenye kila simu ya nchi nzima. Ilitosha uwe umehudhuria sherehe hiyo.

Waziri akahutubia tena. "Wapo wanaosema Serikali hii haiwasikilizi akina bibi," alisema akiwa na miwani ya kupigiwa picha. "Kitufe hiki amekiomba bibi! Bibi wa kawaida kabisa, wa kiwango cha Wengineo!"

Sikujua kama nione fahari au nijifiche.

Mwezi wa kwanza Pendezeni ilipungua sana. Wapambe wa bibi harusi, ambao walikuwa wameshona sare, walipunguzana mpaka harusi moja ikabaki na magauni sita ya zambarau yasiyo na mtu ndani, maana programu ilikuwa haijajifunza kupunguza nguo. Kwenye mahafali fulani aliyeshika nafasi ya pili alimpunguza wa kwanza, wa tatu akampunguza wa pili, na kadhalika, hadi cheti cha heshima kikaonekana anakabidhiwa mpishi. Kwenye arobaini ya msiba wa mzee mmoja mwenye wake wawili, mke mdogo alimpunguza mke mkubwa, na mke mkubwa kwa hasira akampunguza marehemu aliyekuwa kwenye fremu ukutani. Wizara ikatuma barua kuuliza wale watu walikuwa wamekusanyika kwa ajili gani.

Mimi sikukigusa. Kidole kilikuwa kinaniwasha kila siku, lakini nilikuwa naivuta subira. Nilikuwa nangoja harusi ya Mwanaheri.

*

Harusi ilikuwa Jumamosi baada ya alasiri. Kwenye mlango wa chumba cha mwali alisimama Mratibu wa Wizara, amevaa tai, ameshika simu mbele yake kama anaipelekea mgonjwa uji.

"Bibi aliyesajiliwa apite amtoe mwali!" akatangaza. "Wengineo warudi jikoni!"

Bi Hadikwa akanipita na manukato yake. "Nipishe kidogo, mzazi mwenzangu. Utaratibu tu."

Nikapisha. Kisutu nilichokuwa nimekipiga pasi toka alfajiri nilikuwa nimekikumbatia, na sikujua nikiweke wapi.

Ndani ikasikika sauti ya Mwanaheri. "Sitoki."

"Mwali, utaratibu unasema bibi mmoja," akasema Mratibu.

"Sawa. Na mikono utaratibu unasema mingapi?"

Mratibu akatafuta kwenye simu yake. Akapandisha, akashusha. Mikono ilikuwa haijawekewa idadi. Jasho likamtoka, kisha akasogea pembeni.

"Bibi Nyamizi, njoo unifunike," Mwanaheri akaniita. "Mkono wa kulia ni wako. Bibi Hadikwa, wewe shika huu."

Nikamfunika. Tukatoka watatu. Vigelegele vilipigwa mpaka kuku wakahama uwanja. Mwanaheri aliubana mkono wangu kwa nguvu, kama alivyokuwa akiubana zamani tukivuka barabara ya shule, na wapiga picha wakapiga. Nilichokitaka duniani nilikuwa nimekipata. Laiti ningeishia hapo!

Watu wakaenda kula. Mimi nikakaa nyuma ya masufuria nikaifungua Tuonane niione picha yangu. Ilikuwa nzuri. Mwanaheri katikati, mimi kulia kwake, mikono yetu imeshikana. Halafu nikatazama upande wa pili. Bi Hadikwa alikuwa amesimama mbele yangu kwa nusu hatua. Nusu hatua! Na jua lote la alasiri, ambalo lingeweza kwenda popote, lilikuwa limetua kwenye jino lake.

Kidole kikaenda chenyewe. Nikamgusa. Nikagusa Mpunguze.

Nilipoinua macho nilimwona Bi Hadikwa chini ya turubai, sahani yake ya pilau haijaguswa, ameinamia simu. Kidole gumba chake kilikuwa ndiyo kwanza kinainuka.

*

Tulichobaki nacho ni hiki: Mwanaheri amesimama peke yake amevaa kisutu, amenyoosha mikono yote miwili, huku na huku, ameshikana na hewa. Anacheka. Anaonekana kama mtu anayepima upana wa mlango.

Alipoiona hakupiga kelele. Alinitazama, akamtazama Bi Hadikwa, akasema, "Niliwapa mkono mmojammoja. Mlikuwa mnataka nini kingine?" Akaenda kwa mumewe.

Jumatatu nikapanda zile ngazi. Ghorofa ya sita nilimkuta Bi Hadikwa amekaa kwenye kidato cha ngazi, anahema, viatu kavivua.

"Na wewe umekuja?" akaniuliza.

"Nimekuja."

Nikakaa kidato cha chini yake. Manukato hayakuwapo siku hiyo.

"Mimi nilikupunguza kwa sababu ya lile jino," nikamwambia. "Wewe ulinipunguzia nini? Ulikuwa mbele, ulikuwa unang'aa."

"Hukuona kichwa cha mtoto? Kilikuwa kimekulalia wewe. Mwili wote umekulalia wewe. Mimi nimeshika mkono tu, kama askari."

Sikuwa nimekiona. Nilikuwa natazama jino.

Tukapanda ghorofa tatu zilizobaki tumeshikana viwiko. Sefania alitupokea kwa furaha, akatutolea viti vinavyozunguka.

"Turudishe," tukasema kwa pamoja.

"Kuwarudisha?" Alishangaa kweli, mtoto wa watu. "Hicho kitufe hatuna."

"Mbona cha kupunguza mnacho?"

"Cha kupunguza kiliombwa, Bibi. Kurudisha hajawahi kuomba mtumiaji yeyote."

"Basi mimi naomba sasa."

"Naandika," akasema, akapapasa mezani. Karatasi zilikuwa zimekwisha.

"Ila msihuzunike," akaongeza. "Tumeshagundua kwamba mapengo kwenye picha yanaharibu uzoefu wa mtumiaji. Toleo jipya linatoka Alhamisi. Litayajaza."

*

Likayajaza. Ijumaa asubuhi kila pengo Pendezeni lilikuwa na kiongozi. Programu ilitoa nafasi kwa kufuata itifaki: aliyekuwa mbele alipata mkubwa, aliyekuwa nyuma alipata mdogo. Ile nusu hatua sasa ikafanya kazi yake. Mahali pa Bi Hadikwa alisimama Waziri wa Sherehe, na miwani yake ya kupigiwa picha. Mahali pangu alisimama Naibu, na kipara chake, mkono mmoja umeshika miwani ya Waziri na mwingine umeshikana na Mwanaheri, ambaye kichwa chake kimemlalia.

Picha ikashinda tuzo ya Picha Yenye Nidhamu. Iko kwenye mabango.

Mwanaheri alitusamehe, maana tulimlea vizuri. Naam, nimesema tulimlea. Mwaka wa pili akajifungua mtoto wa kike, na akiwa na mwaka na miezi minne mtoto alianza kusema. Siku hiyo nilikuwa nimempakata mimi, na Bi Hadikwa amekaa mbele yetu anamkunia nazi mama mtoto. Mtoto akaichukua simu, akaifungua kwa kidole kama wanavyofanya wote, ikatokea ile picha. Akanyoosha kidole kwenye kipara cha Naibu Waziri.

"Bibi!" akasema.

Ndilo neno la kwanza nililomsikia akilisema. Akainama akalibusu kioo, palepale kwenye kile kimasharubu. Nilikuwa nimemshika kwa mikono yangu miwili, na nywele zake zinanigusa kidevu, lakini nilimwonea yule mwanamume wivu ambao sijawahi kumwonea mtu, hata mwenye jino la dhahabu.

Bi Hadikwa akaweka mbuzi ya nazi chini. Akaja akakaa kando yangu, akanishika goti.

"Usilie, mzazi mwenzangu. Na yule wangu pichani, jana nimemsikia mtoto akimwita hivyohivyo."

"Kweli?"

"Kweli kabisa." Nikaliona jino linaanza kuchungulia taratibu. "Ila wangu ni Waziri kamili."

Tangu siku hiyo, redio ikitangaza kwamba Rais anafanya mabadiliko kwenye baraza, mimi naacha hata chungu kiungue, nakaa karibu nisikie. Ni mwaka wa tatu huu. Kurudishwa pichani siombi tena, hilo nimeliachia. Ninachoomba ni Naibu wangu apandishwe cheo.